Limfoma Kwenye Skrini: Kompyuta Inahesabu Nini?

Ripoti ya patholojia ya mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, aghalabu huwa na mstari mmoja mfupi ambao ndugu wa mgonjwa huupita bila kuuona: Ki-67, kisha asilimia. Kumi. Arobaini. Tisini na nane. Daktari wa saratani haupiti mstari huo. Kwa baadhi ya limfoma unaweza kubadilisha jina la ugonjwa, na jina likibadilika dawa nazo hubadilika. Kwa nyingine unamsaidia kuamua kama mgonjwa anaweza kuangaliwa kwa miezi kadhaa bila dawa, au aanze matibabu wiki hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba namba hiyo, katika maabara nyingi duniani, haikuhesabiwa. Ilikadiriwa. Mwanapatholojia aliinamia hadubini, akapitisha macho kwenye kioo, akaona viini vya kahawia na viini vya buluu, akaandika "takriban 40". Mwenzake akikitazama kioo kile kile huandika 25, na wote wawili ni mabingwa. Kwenye limfoma ya seli za mantle, ambako wataalamu wengi wameafikiana kwamba kuvuka asilimia 30 ni dalili ya ugonjwa mkali, mabingwa hao wamemweka mgonjwa mmoja katika makundi mawili.

Hapo ndipo uchambuzi wa picha za kidijitali ulipopata mlango, ukiahidi kuhesabu seli zote, moja moja, bila kuchoka na bila kupendelea. Kwa kiasi kikubwa ahadi hiyo imetimia. Ugomvi wa kuhesabu unaelekea kwisha. Ugomvi mkubwa zaidi, wa nini hasa kinahesabiwa na kimefikaje chini ya lenzi, bado upo, na katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki ndio wenye uzito.

Kipimo chenyewe kilizaliwa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Mwaka 1983 Johannes Gerdes na wenzake, akiwamo Harald Stein, walitangaza kingamwili iliyokuwa ikishika kiini cha seli zilizo kwenye harakati za kujigawa na kuziacha zilizotulia. Waliipata kwa kutumia seli za limfoma ya Hodgkin zilizokuzwa maabara, kwa hiyo kipimo ambacho leo kinatumika sana kwenye saratani ya matiti kilitoka kwenye limfoma tangu mwanzo. Jina ni la kikarani tu: Ki ni Kiel, na 67 ni namba ya kijishimo kwenye sahani ya maabara. Kwa miaka kadhaa kingamwili hiyo ilifanya kazi kwenye nyama iliyogandishwa pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikapatikana nyingine, MIB-1, inayokubali kinyama, yaani kipande cha nyama ya mgonjwa, kilichohifadhiwa kwa formalini na kuzamishwa kwenye nta, mradi kipande kipashwe moto kwanza. Wa mwanzo walitumia oveni ya maikrowevu. Bila hatua hiyo, hospitali nyingi zisingekuwa na habari na Ki-67 hata leo.

Protini ya Ki-67 huwamo ndani ya kiini katika hatua zote za mzunguko wa kujigawa, na hutoweka seli ikipumzika. Kwa hiyo asilimia ile inasema ni seli ngapi zimo kwenye mzunguko. Haisemi zinazunguka kwa kasi gani, wala haisemi ngapi zinakufa. Anayehesabu mimba za kijijini bila kuhesabu makaburi hawezi kukuambia kama kijiji kinakua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kwetu. Katika limfoma ya Burkitt karibu kila seli imo kwenye mzunguko, na kwa kasi yake uvimbe ungeweza kuongezeka maradufu kila baada ya siku moja au mbili. Lakini seli nyingi mno hufa papo hapo. Mabaki yake humezwa na makrofaji, seli kubwa nyeupe zilizotawanyika katikati ya bahari ya seli za saratani, na mandhari hiyo wanapatholojia huiita mbingu yenye nyota. Geuka sasa uende kwenye limfoma ya folikula. Huko Ki-67 inaweza kuwa asilimia 10 au 15 tu, na bado matezi huvimba mwaka hadi mwaka, kwa sababu mabadiliko kati ya kromosomu ya 14 na ya 18 yamewasha jeni ya BCL2 inayozuia seli kufa. Uvimbe wa kwanza unakua kwa kuzaa, wa pili kwa kukataa kufa. Namba moja ya Ki-67 haiwezi kueleza hali zote mbili, na programu bora kuliko zote haiongezi kitu ambacho kingamwili haikukigusa.

Ndiyo maana ukuaji wa limfoma hupimwa pia kwa picha za mwili mzima, na hapa nitapita haraka. Vigezo vilivyochapishwa mwaka 2014 baada ya mkutano wa Lugano, Uswisi, vinataka vipenyo viwili vya tezi vizidishwe. Jumla ya mazao ya matezi yaliyochaguliwa ikipungua kwa nusu au zaidi, dawa inafanya kazi. Zao la tezi moja likiongezeka kwa asilimia 50, ugonjwa umesonga mbele. Kipimo cha PET, kinachoonyesha seli zinazokula sukari kwa wingi, husomwa kwa ngazi tano za Deauville kwa kulinganisha mwako wa uvimbe na ule wa damu ya kifuani na wa ini. Kompyuta huweza kujumlisha ujazo wa uvimbe wote mwilini, ingawa jibu hutegemea mstari wa kukatia: ukikata pale mwako unapofika kiwango cha 4 unapata ujazo mmoja, ukikata kwenye asilimia 41 ya mwako wa juu unapata mwingine, kwa mgonjwa yule yule. Ubongo, moyo na kibofu huwaka hata kwa mtu mzima wa afya, na lazima mtu aviondoe. Tezi la kifua kikuu nalo huwaka. Mashine za PET katika ukanda huu ni chache na gharama yake haishikiki kwa wengi. Kioo cha hadubini ndicho kitakachoamua mambo kwa wagonjwa wetu walio wengi, kwa hiyo turudi kwenye kioo.

Kazi ya kompyuta kwenye kioo haina uchawi. Skana hupiga picha kipande kwa kipande na kuviunganisha. Kwa ukuzaji wa mara 40, pikseli moja huchukua takriban robo ya mikroni, hivyo kinyama chenye sentimita moja na nusu kila upande huwa picha ya pikseli 60,000 kwa 60,000, yaani bilioni 3.6. Programu huanza kwa kutenganisha rangi mbili: buluu ya hematoksilini inayopaka viini vyote, na kahawia ya DAB inayoonyesha kingamwili iliposhika. Hesabu inayotumika sana kufanya hivyo ilichapishwa mwaka 2001 na Arnout Ruifrok na Dennis Johnston. Kisha programu huchora mpaka wa kila kiini, hupima ukahawia wake, huamua ndiyo au hapana, na mwisho hugawanya.

Kinachosumbua ni mipaka. Seli za limfoma hujazana bega kwa bega. Kipande kikikatwa mikroni 6 badala ya 3 au 4, viini hupandiana na programu huona kimoja palipo na viwili. Hapo mkono wa mteknolojia kwenye mashine ya kukatia una uzito kuliko toleo la programu.

Faida ya kuhesabu seli nyingi inaonekana kwa hesabu ya shule. Tuseme ukweli wa kioo ni asilimia 30 kamili. Ukihesabu seli 100, bahati peke yake inaweza kukupa jibu lolote kati ya 21 na 39. Ukihesabu 500, utakuwa kati ya 26 na 34. Kompyuta ikihesabu 10,000, kosa la bahati linashuka chini ya asilimia moja kila upande. Hakuna binadamu atakayehesabu seli 10,000 kwa kila mgonjwa na akabaki na muda wa kula. Kwa mgonjwa wa mantle aliye karibu na mpaka wa 30, msaada huu ni wa kweli, na anayeupuuza kwa sababu ya mapenzi ya hadubini anamwonea mgonjwa.

Lakini bahati ndiyo chanzo kidogo cha makosa. Kubwa zaidi ni la kuhesabu wasiohusika. Tezi la limfoma halijajaa saratani tupu. Lina seli T za kawaida, makrofaji, kuta za mishipa, na mara nyingine mabaki ya vituo vya kawaida vya tezi ambavyo navyo hujigawa kwa wingi. Jicho la mwanapatholojia huvipita vyote hivyo kimyakimya, kwa mazoea ya miaka, bila hata yeye kujua kwamba amevipita. Programu ya kawaida inajumlisha kila kiini. Ndiyo maana kioo cha Burkitt ambacho daktari angekiandikia asilimia 98 kinaweza kutoka kwenye kompyuta na 90 na ushee: mashine imehesabu makrofaji na seli T kwenye kigawanyo. Kwenye limfoma ya Hodgkin hali ni mbaya zaidi, kwani seli za saratani zenyewe mara nyingi hazifiki asilimia 5 ya uvimbe, na asilimia ya jumla hapo haina maana yoyote. Dawa ya tatizo hili ipo, nayo ni kupaka rangi mbili kwenye kioo kimoja, moja ya Ki-67 na nyingine ya kutambua seli B, kisha kuhesabu zilizo na alama zote mbili. Inahitaji kingamwili ya ziada, na kingamwili ni pesa.

Hapa kuna mtego ambao sioni ukijadiliwa vya kutosha. Mpaka wa asilimia 30 wa mantle na ule wa 95 wa Burkitt ilitokana na macho ya watu, yenye kawaida yake ya kuruka seli zisizohusika. Kuchukua namba ya mashine na kuipima kwa rula iliyokatwa kwa jicho ni kuchanganya vipimo viwili. Maabara inayoanza kutumia programu inapaswa kwanza ipitishe vioo vyake vya zamani ambavyo matokeo ya wagonjwa yanajulikana, ione mashine inasoma juu au chini ya madaktari wake, na kwa kiasi gani. Kazi hiyo haiuzwi pamoja na skana.

Halafu kuna swali la mahali pa kuhesabia. Seli zinazojigawa hazijatawanyika sawasawa, zina makundi. Ukichagua eneo lenye kahawia nyingi unapata namba moja, ukipima kioo kizima unapata nyingine ya chini zaidi. Kwa limfoma ya folikula, daktari anayepima ndani ya folikula na anayepima kati ya folikula wanapima vitu viwili tofauti. Kompyuta hufuata popote itakapoelekezwa. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2022, liliacha kulazimisha upangaji wa madaraja ya folikula uliotegemea kuhesabu seli kubwa katika kila eneo la hadubini, moja ya sababu ikiwa ni kwamba madaktari walishindwa kukubaliana. Wapo wanaosema tuwape mashine kazi hiyo. Nina mashaka: mashine inaweza kurudia jibu lile lile mara elfu, na jibu likabaki halimsaidii mgonjwa.

Kwa wanaofanya kazi kwenye ukanda wa malaria kuna kioja kingine. Formalini isiyotiwa bafa, yaani kidhibiti cha asidi, huacha chembe za kahawia nyeusi kwenye nyama, na mabaki ya vimelea vya malaria huacha chembe zinazofanana nazo ndani ya makrofaji, hasa kwenye bandama na uboho. Rangi ya DAB ni kahawia pia. Programu iliyofunzwa kwenye vioo vya nchi zisizo na malaria inaweza kuziita chembe hizo seli zinazojigawa. Mwanapatholojia wa Kisumu au Mwanza hadanganyiki. Anajua kwamba chembe ziko nje ya kiini. Mashine nayo inaweza kufundishwa hivyo, ila lazima awepo wa kuifundisha.

Sasa tuje kwenye kinyama chenyewe, kabla hakijawa picha. Formalini huingia kwenye nyama polepole, karibu milimita moja kwa saa. Tezi la sentimita 4 likitumbukizwa zima, katikati yake husubiri karibu siku nzima, na katika joto la Tanga au Mombasa seli za ndani huanza kuoza kabla dawa haijafika. Protini ya Ki-67 ni kati ya zinazopotea. Kwenye kioo utaona ukingo wa kahawia iliyokoza na kitovu kilichopauka, na kompyuta itahesabu vyote kwa uaminifu mkubwa na kutoa wastani wa uongo wenye desimali mbili. Mwongozo unajulikana: tezi likatwe vipande mara tu linapotolewa, formalini iwe na bafa na ujazo wake ufike mara 10 ya kinyama, na kinyama kikae humo kwa muda wa kati ya saa 6 na 72. Katika hospitali nyingi za wilaya kinyama huwekwa kwenye chupa yoyote iliyopatikana, na ndugu wa mgonjwa ndiye anayekibeba kwenye mfuko, kwa basi, mpaka hospitali ya rufaa. Siku za safari hiyo haziandikwi popote.

Njia rahisi ya kunasa tatizo hili ni kuweka kipande cha tonsili kando ya kinyama cha mgonjwa kwenye kioo kimoja. Vituo vya tonsili vinajulikana kuwa na seli nyingi zinazojigawa. Visipowaka kahawia, rangi au kingamwili ina hitilafu. Ila tonsili hilo lilihifadhiwa vizuri, na halitakuambia kinyama cha mgonjwa kiliteseka vipi njiani. Kwa hilo utazame seli za kawaida zilizomo ndani ya kinyama chenyewe. Napenda maabara ambazo huandika bila aibu "kinyama hakikuhifadhiwa vizuri, Ki-67 haisomeki". Programu nyingi hazina sentensi hiyo.

Limfoma ya Burkitt yenyewe ina historia ya picha katika eneo letu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba mataya yote mawili, kulia na kushoto. Burkitt alichapisha maelezo yake mwaka 1958, kisha akatuma vipeperushi vyenye picha za uvimbe huo kwa hospitali za serikali na za misheni sehemu mbalimbali za Afrika, akiuliza kama wameuona. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kuukuu kutoka Kampala hadi kusini mwa bara na kurudi, karibu maili 10,000, wakichora ramani iliyofuata joto, mvua na mwinuko wa ardhi. Mwaka huo huo mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakaonyesha kwa hadubini ya elektroni virusi ndani ya seli za uvimbe huo, virusi vinavyobeba majina ya Epstein na Barr. Ugonjwa uliotambuliwa Uganda kwa macho na picha ulifungua mlango wa elimu ya virusi vya saratani duniani kote. Taasisi ya Saratani ya Uganda yenyewe ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma.

Kwa limfoma ya Burkitt, hata hivyo, faida ya kuhesabu kwa kompyuta ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Kioo ambacho karibu kila kiini ni cha kahawia hakihitaji mashine. Kinachohitajika ni kuitenga Burkitt na limfoma ya seli B kubwa iliyosambaa, ambayo Ki-67 yake inaweza nayo kufika 90, hasa kwa wagonjwa wenye VVU. Mwaka 2011 mwanapatholojia Kikkeri Naresh na wenzake walipendekeza ngazi za kufuata zinazofaa hospitali tajiri na maskini: kwanza umbo la seli pamoja na alama za CD10 na BCL2, wenye utata wapelekwe kwenye ngazi ya pili, ambako Ki-67 huungana na CD38 na CD44, wachache wanaobaki ndio wapimwe vinasaba kutafuta mabadiliko ya jeni ya MYC. Ki-67 katika mpango huo ni shahidi mmoja kati ya kadhaa. Hapo ndipo mahali pake.

Na tukizungumzia ugonjwa unaoongezeka ndani ya siku chache, kipimo cha maana kuliko asilimia yoyote ni kalenda. Mtoto aliyetolewa kinyama na ripoti ikarudi baada ya wiki nne amepimwa ugonjwa aliokuwa nao mwezi uliopita. Wengine hawafiki hata hapo: tezi la shingoni katika nchi zenye kifua kikuu kingi hutibiwa mara nyingi kama kifua kikuu bila kutolewa kinyama, na miezi hupita kabla mtu hajashtuka kwamba dawa hazipunguzi uvimbe.

Hapa ndipo picha ya kidijitali inapoweza kutufaa zaidi, na faida yake haitokani na kuhesabu. Inatokana na kusafiri. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, walianza kwa kusafirisha vinyama hadi Boston, kisha wakahamia kutuma picha. Lilongwe, Malawi, wanapatholojia wa Hospitali Kuu ya Kamuzu hujadili vioo vilivyoskaniwa na wenzao wa North Carolina, Marekani. Watafiti wa Oxford, Uingereza, pamoja na wa Muhimbili, Tanzania, na wa hospitali ya Lacor iliyoko Gulu, Uganda, wamekuwa na mradi uitwao AI-REAL, unaojaribu hata kuitambua limfoma ya watoto kwa DNA iliyomo kwenye damu, ili kinyama kisiwe kikwazo. Nchi zenye wanapatholojia wachache, tena wengi wao wakiwa mijini, zinahitaji jicho la bingwa lifike Songea au Lodwar bila bingwa kupanda basi.

Mtandao una gharama yake. Picha ya pikseli bilioni 3.6, ikibanwa, bado inaweza kufika gigabaiti moja. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya dakika 13 kwa kioo kimoja, umeme usipokatika. Skana yenyewe ni makumi ya maelfu ya dola, pamoja na mkataba wa matengenezo ambao wafadhili husahau kuulipia mwaka wa pili. Ndiyo maana siwacheki wanaotumia kamera iliyofungwa kwenye hadubini. Kwa kuhesabu Ki-67, picha chache nzuri zinazochukuliwa kwa utaratibu uliokubalika, zikapitishwa kwenye QuPath, programu ya bure iliyoanzishwa na Peter Bankhead pale Belfast, au kwenye ImageJ ya Wayne Rasband, zinatosha kabisa kumtoa daktari kwenye makadirio. Tatizo moja ni kwamba anayepiga picha ndiye anayechagua eneo, na akichagua vibaya bingwa wa mbali hatajua.

Akili mnemba, ambayo sasa ndiyo inayotajwa kila mahali, inavuka hatua ya kuhesabu: inafunzwa kutaja jina la limfoma kwa kutazama umbo la seli, hata bila kingamwili. Kwa maabara isiyo na kingamwili, wazo hilo linatamanisha. Lakini mashine hujifunza pia rangi ya maabara, unene wa vipande na aina ya skana, na ikihamia maabara nyingine huyumba. Vioo vingi vinavyotumika kuifunza vinatoka Ulaya, Marekani na China, ambako Burkitt ya watoto ni nadra. Vioo vya ugonjwa huu vimejaa kwenye makabati ya Kampala, Dar es Salaam, Mwanza na Eldoret. Yeyote anayetaka kujenga mashine ya kuitambua Burkitt atavihitaji. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Hospitali zetu zitumie sheria hizo kudai nafasi kwenye meza ya watafiti, na watakaoandika majibu sahihi chini ya kila picha wawe wanapatholojia wetu.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa mkurugenzi wa hospitali ambaye mezani kwake pana pendekezo la kununua skana: akague kwanza kama hospitali za wilaya zinazomletea vinyama zina formalini yenye bafa na chupa za mdomo mpana, kama kingamwili hazikatiki katikati ya mwaka, na kama ripoti hutoka ndani ya wiki moja. Ikiwa bado, pesa ziende huko na kamera ya kawaida itatosha kwa sasa. Ikiwa tayari, anunue, na atenge muda wa mwanapatholojia wa kulinganisha namba za mashine na vioo vya zamani kabla ya namba hizo kuingia kwenye ripoti ya mgonjwa yeyote.

Na kwa mzazi: mtoto ambaye taya au tumbo lake limevimba na linaongezeka ndani ya siku chache apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo, na uliza kinyama kitatolewa lini, kitapelekwa maabara gani, na majibu yatatoka siku gani. Burkitt hutibika kwa dawa, na watoto wa Uganda walishaponywa kwa siklofosfamidi tangu miaka ya 1960, kabla ya skana yoyote.